Hivi kuna jengo linaloweza kubadilika na wakati, au ni maneno ya wasanifu tu?

#1 Kuta Nne

Wakuu, salamu. Kuna kitu kinanikera mwezi wa pili sasa.

Nilijenga nyumba ya ghorofa moja miaka 12 iliyopita. Juu vyumba 4. Chini sebule, sehemu ya kulia, jiko, stoo na kichoo cha wageni ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Wakati ule watoto walikuwa 3 na kelele zao. Sasa wawili wameshaondoka, wa mwisho yuko mbioni, na mama yangu amehamia kwangu. Magoti yake hayapandi ngazi. Nikajua kazi ni ndogo: tunabomoa ukuta kati ya stoo na sehemu ya kulia, mama anapata chumba cha chini, kichoo tunakisogeza na kukipanua, basi.

Fundi wa kwanza kagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kategea sikio kama daktari, kasema "huu haujabeba kitu, nipe siku moja." Wa pili kagonga palepale, kasema "ukiugusa huu, ghorofa lote linahamia sebuleni." Fundi bomba naye kasema choo hakisogei mpaka sakafu ipasuliwe.

Halafu nasoma huku na kule wasanifu wakisifia majengo "yanayobadilika na wakati", sijui kuta za kuhama, sijui vyumba vya kazi nyingi. Dai langu: hakuna kitu kama hicho. Zege likishakauka limekauka. Anayebisha alete jengo lililobadilika kweli, siyo picha za kompyuta.

Nawasilisha.

#2 Siti ya Mbele

Nimekaa paleee. Ngoja waje wenye fani.

#3 Nondo16

Mkuu Kuta Nne, kabla ya falsafa: juu ya huo ukuta kuna nini? Kuna ukuta mwingine umekaa mstari uleule au ni sakafu tupu? Michoro ya mhandisi unayo? Kugonga kwa kidole hakukuambii kitu. Ukuta usiobeba wenye plasta nene unalia kizito, na tofali la tundu lililobeba ghorofa zima linaweza kulia kama debe.

Na huyo wa "siku moja" mpe chai aende zake.

#4 Msanifu wa Pembeni

Nimetajwa, acha nijitetee.

Shida siyo zege kukauka. Shida ni kuvifunga pamoja vitu vyenye umri tofauti. Msanifu wa Kiingereza Frank Duffy aliligawa jengo la ofisi katika tabaka 4 kufuatana na muda zinaodumu: gamba la jengo miaka kama 50, mifumo yake (mabomba, umeme, hewa) kama 15, mpangilio wa ndani miaka 5 hadi 7, na samani ambazo zinahama muda wowote. Mmarekani Stewart Brand mwaka 1994 akazifikisha 6: akaweka kiwanja chini kabisa, na gamba akaligawa mifupa mbali, ngozi ya nje mbali.

Ukimwagia bomba zege juu yake, umemfunga wa miaka 15 kwenye mwili wa wa miaka 50. Bomba likizeeka unavunja kizima kukifuata kibovu. Hicho ndicho kichoo chako, mkuu. Tabaka zikikaa mbalimbali kila moja inabadilishwa kwa zamu yake, nyingine hazina habari.

#5 Mpangaji Mzoefu

Kwenye kuta za kuhama nina ushuhuda. Ofisi niliyofanya kazi ilikuwa na ukumbi wenye kuta za kukunja, juu zina reli, chini magurudumu. Siku ya uzinduzi tukaonyeshwa: sukuma hivi, vyumba 3, vuta vile, ukumbi mmoja. Tukapiga makofi.

Miaka 6 niliyokaa pale zilisogezwa mara 1, na waliozisogeza ni wapaka rangi. Mwaka wa pili mtu akaegesha kabati la mafaili mbele ya mmoja. Wa tatu fundi umeme akafunga soketi kwenye mwingine, na waya akaupitisha darini, ukuta ukawa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mpini wa kufungulia ulipotea na hakuna aliyeuliza. Sauti ndiyo usiseme: ukiwa chumba cha pili unasikia kalamu ikianguka chumba cha kwanza.

#6 Msanifu wa Pembeni

Mpangaji Mzoefu, hayo kweli, ila usiziue kuta zote kwa kosa la ofisi yenu. Kule Utrecht, Uholanzi, kuna nyumba ya 1924 ambayo msanifu Gerrit Rietveld alimchorea mama mmoja, Truus Schröder. Ghorofa ya juu ina kuta za kusukuma: usiku vyumba, mchana ukumbi mmoja mkubwa. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, alikuwa na watoto 3, na aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1985. Ukuta wa kuhama unahama pale ambapo mtu mmoja anauhitaji kila siku na ufunguo anao yeye. Ukumbi wa ofisi hauna mwenyewe.

#7 Bimkubwa wa Ghorofa

Mimi siyo msanifu, nimeishi tu kwenye nyumba nyingi.

Nyumba niliyokulia ilikuwa na vyumba 4 vya ukubwa karibu sawa, milango yote inatazama ukumbi wa katikati. Hakuna aliyevipa majina. Kimoja kilianza kwa babu, kikawa cha cherehani, kikawa cha dada yangu alipojifungua, kikawa stoo, leo ni ofisi ya kaka. Ukuta haujaguswa hata siku moja. Vilivyobadilika ni pazia na swichi.

Angalieni nyumba za sasa. Mchoro unaandika "chumba kikuu", kikubwa kama uwanja, halafu "chumba cha mtoto" ambacho kitanda cha mtu mzima kikiingia mlango haufungi. Mtoto anakua, chumba kinabaki kitoto. Kwa hiyo mimi sitaki reli wala ujanja wa tabaka. Nipeni vyumba vinavyolingana, visivyo na majina, kila kimoja na mlango wake.

#8 Siti ya Mbele

"Chumba kinabaki kitoto" hahaha. Bimkubwa umenena.

#9 Nondo16

Bimkubwa nakuunga mkono nusu. Chumba kikibadilishwa jina, sakafu haiambiwi. Sakafu ya makazi hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita ya mraba. Ofisi 250 hadi 300. Makabati ya vitabu ya maktaba yanataka 500 na zaidi. Ukichukua chumba cha kulala ukakijaza karatasi hadi darini, umebadilisha jengo bila kugusa tofali.

Wanaodhani ni utani wasome habari ya Sampoong, Seoul. Jengo lilianza kwa mpango mwingine, likageuzwa duka kubwa. Nguzo zikapunguzwa kupisha ngazi za umeme. Ikaongezwa ghorofa ya 5, ya migahawa, na sakafu zake za kupashwa joto. Mitambo ya kupoza hewa iliyokuwa juu ya paa ikaburutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine badala ya kunyanyuliwa. Tarehe 29 Juni 1995 likaanguka, watu 502 wakafa. Rana Plaza ya Bangladesh hali kadhalika: jengo la maduka na ofisi likapokea viwanda vya nguo na majenereta yake, na ghorofa zikaongezwa bila kibali. Aprili 2013, watu 1,134.

Hayo yote mawili yalikuwa majengo "yanayobadilika". Yalibadilishwa kirahisi mno. Kwangu jengo linaloweza kubadilika ni lile lililoachiwa akiba ya nguvu tangu msingi, na mtu anajua akiba hiyo ni kiasi gani.

#10 Kuta Nne

Nondo16 nimepanda juu na futi. Ukuta upo, lakini haukalii wa chini. Umepishana nao kama sentimita 70. Michoro ya mhandisi ninayo na inaonyesha zimekalia mstari mmoja.

Halafu nimekumbuka. Tukiwa tunapandisha kuta za juu, mke wangu alisimama chumbani akasema kidogo, kiongezwe hatua moja. Fundi akasogeza ukuta mchana uleule.

#11 fundi_bomba_mstaafu

Kumbe jengo lako lilishabadilika kabla hujahamia, na mwenyewe unasema hakuna jengo linalobadilika.

#12 Siti ya Mbele

Shikamoo mzee. Hiyo imempata.

#13 Jicho Kavu

Tuache utani. Wajapani walishajaribu hili kwa nguvu zote na likawashinda. Ule mnara wa vyumba vya kuchomeka wa msanifu Kisho Kurokawa, Tokyo, unaitwa Nakagin. Vyumba 100, kila kimoja kama sanduku, kimefungwa kwenye mhimili wa katikati kwa bolti. Mpango ulikuwa kila baada ya miaka 25 unachomoa la zamani unachomeka jipya. Halikuchomolewa hata moja. Mwaka 2022 wakabomoa.

Tabaka zilitenganishwa vizuri kabisa pale, Msanifu. Mbona hazikubadilishwa?

#14 Hesabu Ndogo

Sahihisho: vyumba vilikuwa 140, siyo 100. Mnara ni wa 1972, na kila sanduku lilishikwa na bolti 4. Sababu ya kukwama kwake inajulikana: ili utoe sanduku la chini ilibidi utoe kwanza yaliyo juu yake. Hiyo haiwi ya kuchomeka, hiyo ni ya kupanga kama sahani.

#15 Jicho Kavu

Nashukuru, 140. Ila sahani ni sababu moja tu. Kila sanduku lilikuwa na mwenye nalo. Kubadilisha kunataka wote wakubali siku moja na wote wachange siku moja. Mwaka 2007 walipopiga kura, kura ilikuwa ya kubomoa. Hata kama masanduku yangechomoka kama kiberiti, nani angeanza kulipa?

#16 Mwenye Hati

Hapo Jicho Kavu umegusa ninachokisubiri tangu bandiko la kwanza. Mnaongea nondo na reli, suala ni nani ana haki ya kuamua. Mholanzi John Habraken aliliandika mwaka 1961: jengo la watu wengi ligawanywe sehemu 2. Ya kwanza ni mhimili, yaani nguzo, sakafu, ngazi na njia kuu za mabomba, na hiyo wanaiamua wote. Ya pili ni ujazo, yaani kuta za ndani, jiko, bafu, na hiyo anaiamua anayeishi humo bila kuomba ruhusa kwa jirani. Mpaka kati ya hizo mbili uchorwe wazi kabla ya msingi.

Na imefanyika. Osaka kuna jengo linaitwa NEXT21, la 1993, nyumba 18. Wamehamisha kuta humo, hata za nje, watu wa nyumba nyingine wakiendelea na maisha yao.

#17 Mpangaji Mzoefu

Mwenye Hati, na sisi wapangaji tupo upande gani wa huo mpaka? Mimi hata msumari naomba kwa maandishi. Niliwahi kupigilia rafu ya vitabu, siku ya kuhama nikakatwa amana kwa matundu 6. Niliyemwachia chumba alipigilia rafu palepale.

#18 Kamusi Hai

Samahani, natoka nje ya mada kidogo. Kwani hili jambo tunaliitaje? Kuna anayeandika "jengo nyumbufu" huko kwenye magazeti.

#19 Nondo16

Nyumbufu ni mpira. Jengo likiwa nyumbufu mimi natoka mbio.

#20 Kamusi Hai

Basi "jengo geuzi".

#21 Bimkubwa wa Ghorofa

Geuzi linageuka lenyewe usiku umelala. Mimi nasema "nyumba sikivu". Ukiiambia inasikia.

#22 Kamusi Hai

Sikivu naichukua.

#23 Mtu wa Mabanda

Turudi. Naona kila mtu anapanga, anatenganisha, anaacha akiba. Ngoja niwaletee jengo ambalo halikupangwa kitu.

Mwaka 1943 chuo cha MIT, Marekani, kilihitaji nafasi ya haraka kwa utafiti wa rada wakati wa vita. Likajengwa banda la mbao, ghorofa 3, lililoitwa Building 20. Lilikuwa la muda: vita viishe na miezi 6 juu yake. Likabomolewa 1998, yaani miaka 55. Na watu waliokaa humo walilipenda kuliko majengo ya marumaru, kwa sababu hakuna aliyelionea huruma. Unataka waya upite? Toboa. Unataka dirisha? Kata. Kuna mtafiti mtambo wake wa saa ya atomu ulikuwa mrefu, akaondoa sakafu 2 ukaenea.

Hapo ndipo nilipo mimi. Jengo linabadilika likiwa la bei ndogo na halina mtu wa kulilinda. Ukiweka sakafu ya kung'aa umeshajifunga mwenyewe, nani atatoboa?

#24 Hesabu Ndogo

Mtu wa Mabanda, mabanda mangapi ya 1943 yalioza kabla ya 1950 na hayana wa kuyasimulia? Unahesabu lililobaki tu. Na lile liliachwa imara kuliko banda lolote unalolijua, sakafu zake zilibeba mitambo ya rada.

#25 Jicho Kavu

Mbona basi hamtaji Hagia Sophia ya Istanbul, Uturuki? Kanisa tangu 537, msikiti 1453, makumbusho 1935, msikiti tena 2020. Hilo halikuwa la bei ndogo na lilikuwa na walinzi tele. Miaka karibu 1,500. Nafasi kubwa tupu chini ya kuba, basi.

#26 Nondo16

Kuba lenyewe lilianguka mwaka 558, miaka 21 tu baada ya kufunguliwa. Lililopo limejengwa juu kidogo kuliko la kwanza. Kwa hiyo hata hilo lilibadilika kabla halijabadilishwa.

#27 Msanifu wa Pembeni

Na nafasi kubwa tupu ina mtego wake. Centre Pompidou ya Paris, jumba la sanaa la 1977, mabomba na ngazi zote zilitolewa nje ya jengo ili ndani pabaki uwanja usio na nguzo, kama mita 48 kutoka upande hadi upande. Kuta zihame kadiri ya maonyesho. Haikufika miaka 10: mwaka 1985 wakamwita msanifu Gae Aulenti ajenge vyumba vya kudumu ndani ya ule uwanja. Picha zinataka ukuta uliotulia nyuma yake.

Sipingi nilichosema #4. Nasema tu uwanja mtupu siyo jibu la kila kitu, na mimi nilikuwa nauabudu chuoni.

#28 Dirisha la Kaskazini

Hakuna aliyetaja mwanga? Nimefanya kazi ya kugeuza ofisi kuwa nyumba za kuishi, na sijawahi kushindwa na ukuta. Nimeshindwa na umbali wa dirisha. Mwanga wa kufaa unaingia ndani kama mara 2 hadi 2.5 ya urefu wa kutoka sakafu hadi kichwa cha dirisha. Dirisha likiishia mita 2.4, ukipita mita 6 unaishi kwa taa. Ofisi pana ina kiini kirefu cha giza katikati, utaweka stoo ngapi humo?

Dari nayo. Jengo la kuegesha magari lina dari fupi na sakafu za mteremko. Hata uwe fundi wa namna gani, kuligeuza nyumba ni kilio. Urefu wa dari huwezi kuuongeza baadaye. Kama mtu ananiuliza aache akiba ya kitu gani, namwambia dari, hata sentimita 40.

#29 fundi_bomba_mstaafu

Wanangu, mmemsahau mwenye choo.

Kuta Nne, fundi wako hakukudanganya. Bomba la choo la milimita 100 linataka mteremko, tuseme 1 kwa 40. Ukikisogeza choo mita 4 mbali na chemba, mwanzo wa bomba lazima uwe juu ya mwisho wake kwa sentimita 10. Hizo sentimita 10 utazipata wapi kwenye sakafu ya zege? Ama unapasua, ama unainua sakafu ya choo, na mama mwenye magoti mabovu hatakiwi kupanda ngazi kwenda chooni.

Usikisogeze. Kipanue kuelekea stoo, bakuli libaki palepale lilipo. Mlango uwe na sentimita 90 na ufungukie nje. Miaka 38 nimezibua mabomba, nyumba zilizonipa kazi nyepesi ni zile ambazo mwenye nyumba aliyapitisha yote kwenye shafti moja, yaani uwazi wa kupitishia mabomba, yenye kimlango. Aliyeyafukia kila mahali ndiye aliyenisomeshea watoto.

#30 Kuta Nne

Shikamoo mzee. Nashukuru, hilo la kupanua bila kusogeza hakuna aliyeniambia.

#31 fundi_bomba_mstaafu

Marahaba.

#32 Nusu Nyumba

Mimi nadhani wote mnaanzia mwisho. Kwa nini jengo likamilike? Iquique, Chile, mwaka 2004, msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi ya Elemental walijenga mtaa wa Quinta Monroy kwa familia 93. Fedha hazikutosha nyumba nzima, wakajenga nusu: mifupa, jiko, bafu, ngazi, yaani yale magumu ambayo mtu peke yake hayawezi. Pembeni ya kila nyumba wakaacha pengo la ukubwa uleule, familia zikalijaza taratibu kila moja kwa uwezo wake. Aravena alipewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu, 2016.

Kuta Nne angejengewa nusu, leo angekuwa anaongeza tu, habomoi.

#33 Chokaa

Nusu Nyumba, pale pengo lilichorwa na mhandisi, ndiyo maana lilijazwa salama. Huku kwetu sisi wajenzi wa kawaida "nusu" maana yake ni nondo zimechomoza juu ya paa zinasubiri ghorofa lijalo. Baba yangu aliziacha miaka 17. Kutu ikivimba inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ikapasua vichwa vya nguzo, maji yakaingia, hadi chumba changu kilikuwa na doa darini lenye umbo la sikio. Ghorofa haikujengwa. Na zile nondo hakuna mhandisi aliyekubali kuziungia kitu.

Maoni yangu mengine yako kwenye jina langu. Tofali lililojengewa chokaa unaligonga, linasafishika, linatumika tena. La saruji kali linavunjika lenyewe kabla ya kiungo. Jengo ambalo huwezi kulifungua huwezi kulibadilisha. Bolti badala ya kuchomelea, skrubu badala ya gundi.

#34 Mtu wa Mabanda

Chokaa, hayo ndiyo ya mabanda niliyosema.

#35 Chokaa

Siyo hayo. Wewe unatoboa, mimi nafungua.

#36 Mwenye Hati

Niongeze kisa kimoja kwa wanaodhani kubadilisha ni kubomoa. Bordeaux, Ufaransa, mtaa wa Grand Parc, maghorofa 3 ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530. Wasanifu Lacaton na Vassal na wenzao hawakuyabomoa maghorofa: walijenga kiunzi kipya nje, kimesimama kwa miguu yake, kikampa kila mkazi baraza ya vioo yenye kina cha mita 3.8. Madirisha madogo yakawa milango mikubwa. Watu hawakuhamishwa. Mzigo mpya haukukalia mifupa ya zamani, kwa hiyo hata Nondo16 analala usingizi.

#37 Nondo16

Ninalala. Ila pale walikuwa na nafasi nje. Mwenye kiwanja kilichojaa hadi mpakani afanyeje?

#38 Bimkubwa wa Ghorofa

Abadilishane vyumba na mama. Sehemu ya kulia iwe chumba cha mama kama ilivyo, meza ihamie sebuleni, ukuta muuache. Lakini hamnisikilizi.

#39 Kuta Nne

Bimkubwa nakusikiliza, na mama naye alisema hivyohivyo wiki iliyopita. Tatizo sehemu ya kulia iko wazi upande wa sebule, anataka mlango wa kufunga.

Sasa, habari mpya. Nimepekua simu ya zamani iliyokuwa kwenye droo, nimepata picha 2 za siku ya kusuka nondo za slabu. Ya kwanza inaonyesha kabisa: kwenye mstari wa huo ukuta kuna mfereji wa mbao, ndani yake kichanja cha nondo nene na ringi zake. Maana yake kuna boriti juu ya ukuta. Maana yake ukuta ni ujazo tu. Fundi wa kwanza alikuwa sahihi!

#40 Nondo16

Polepole. Boriti lazima ikalie kitu kila mwisho. Mwisho wa kushoto naiona nguzo. Wa kulia umekatwa kwenye picha. Kama kule hakuna nguzo, boriti inakalia huohuo ukuta, na fundi wa pili ndiye aliye sahihi. Pia kumbuka ukuta wa juu ulisogezwa sentimita 70, haukalii boriti tena, unakalia slabu. Hilo peke yake linataka mhandisi aje kwa miguu yake. Weka picha ya pili.

#41 Kuta Nne

Nimeiweka.

#42 Hesabu Ndogo

Naona mbao, naona ndoo, naona mtu.

#43 Nondo16

Na mimi. Pale hasa ambapo nguzo ingekuwepo kasimama mtu, kashika kiuno, kofia ngumu imekaa upande, anatabasamu. Kapaziba pote. Ni nani huyo? Apigiwe simu aulizwe mgongo wake uliegemea zege au tofali.

#44 Kuta Nne

Ni mimi.

#45 Siti ya Mbele

Nimeanguka kwenye kiti.

#46 fundi_bomba_mstaafu

Na kofia umeazima, inaonekana.

#47 Nondo16

Mwite mhandisi, na michoro uwe nayo mkononi. Kabla hajafika, chubua plasta kwenye hiyo kona ya kulia, sentimita 20 kwa 20, kwa patasi ndogo, usitumie nyundo kubwa. Ukikuta zege au tofali piga picha utuletee. Safari hii usisimame mbele.